Tofauti za Vipimo vya Maabara vya Virusi vya Korona
Vipimo vya UVIKO-19 ni vya aina kuu tatu, na kila kimoja hujibu swali lake.

Kipimo cha PCR hutafuta vinasaba vya virusi katika sampuli ya pua au koo. Ndicho chenye uhakika zaidi, lakini huhitaji mashine na wataalamu wa maabara, na majibu yake huweza kuchukua siku nzima. Aidha, kinaweza kutoa majibu chanya wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona.

Kipimo cha haraka cha antijeni hutambua protini za virusi ndani ya dakika 15 hadi 30. Kwa kigezo cha Shirika la Afya Duniani, hutakiwa kubaini angalau asilimia 80 ya wanaobainika kwa PCR. Hivyo baadhi ya walioambukizwa huweza kukosa kutambuliwa.

Kipimo cha kingamwili hutumia damu na huonesha maambukizi yaliyopita au chanjo, si ugonjwa wa leo.

Kwa hiyo, mwenye dalili aliyepata majibu hasi ya kipimo cha haraka asijihesabu salama. Ajitenge na wazee na wagonjwa, kisha apimwe tena, ikiwezekana kwa PCR.