Dashibodi

Neno hili lilianzia kwenye magari ya farasi: ulikuwa ubao uliomkinga dereva na matope yaliyorushwa na kwato. Kwa Kiswahili ni dashibodi yangu, dashibodi zetu, na fundi wa Makindu akisema imepasuka, mara nyingi wa kulaumiwa ni jua.

Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, linajulikana kwa nyufa hizo. Dashibodi yake juu ni vinaili, chini ni sponji. Joto huondoa kilainishi kilichomo kwenye vinaili. Vinaili hukauka, husinyaa, huchanika, na sponji huwa ungaunga.

Ukitaka kuivisha upya, ngozi halisi inapendeza, lakini nayo husinyaa kwa jua la Ukambani. Mbao nazo zikivunjika katika ajali hutoa vipande vyenye ncha. Nashauri vinaili nene, nyeusi, isiyong'aa, juu ya sponji mpya. Hiyo haiakisi mwanga kwenye kioo cha mbele wala kumsumbua dereva machoni. Kisha ukiegesha gari kivulini, au ukikinga kioo kwa kadibodi, dashibodi itadumu.