Maziwa ya Baiskeli

Juma hili natupia macho maziwa. Mama wa Nairobi anayenunua maziwa mabichi asubuhi kwa mchuuzi wa baiskeli, je, anashiriki kuvunja sheria? Jibu langu ni kwamba inategemea unauliza habari za mwaka gani.

Walowezi wa Kizungu waliunda KCC mwaka 1925, nao walitaka soko lao lisivurugwe na maziwa ya bei rahisi. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ukawafungulia Waafrika wengi njia ya kufuga ng'ombe wa gredi. Maziwa yakaongezeka, na mwaka 1958 ikatungwa sheria iliyounda Bodi ya Maziwa. Kwa miaka mingi baada ya hapo, maziwa halali mjini yalikuwa yale yaliyopitia kiwandani. Mkulima wa Kiambu angeweza kumuuzia jirani yake, lakini akiingia mjini na debe lake alikuwa mhalifu. Sababu iliyotajwa ilikuwa afya, na ni kweli kifua kikuu na bruselosi huweza kupita katika maziwa. Lakini kwa maoni yangu, sheria hiyo ilimlinda mnunuzi mkubwa kuliko ilivyomlinda mnywaji.

Mwaka 1992 serikali ililegeza soko. Wakati huo KCC ilikuwa ikichelewa kuwalipa wakulima, nao wakamgeukia mchuuzi, ambaye alilipa taslimu. Hata hivyo masharti ya leseni yalikuwa bado yamekatwa kwa kipimo cha viwanda. Mchuuzi akikamatwa, maziwa yake yalimwagwa mtaroni huku watoto wakitazama.

Utafiti wa Wizara ya Mifugo, KARI na ILRI, ulioanza 1997, ulionyesha jambo ambalo mama yeyote wa jikoni angewaambia bure: karibu kila nyumba mjini huchemsha maziwa kabla ya kuyatumia. Kuanzia 2004, Bodi ikaanza kuwafunza wachuuzi na kuwapa leseni, mradi wapimwe afya zao na waache jerikeni za plastiki, ambazo ni vigumu kuzisafisha ndani, watumie mitungi ya chuma.

Basi wewe mnunuzi, omba kuiona leseni ya Bodi, chungulia mtungi, na ukifika nyumbani chemsha. Akikuambia leseni ameisahau nyumbani, mwache aifuate kabla hujatoa pesa.