Mitazamo ya wanafunzi wa udaktari kuhusu antibayotiki na usugu wa vimelea

Mitazamo ya wanafunzi wa udaktari kuhusu antibayotiki ni eneo la utafiti linalochunguza wanafunzi hao wanajua nini, wanaamini nini na wanajiamini kiasi gani katika kuandika dawa za kuua bakteria kabla hawajapata leseni. Tafiti nyingi hufanywa kwa dodoso, hasa miongoni mwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Zimeongezeka tangu mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipopitisha mpango wa dunia wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa.

Iwe Ulaya, Marekani au Afrika, majibu hufanana. Karibu kila mwanafunzi anakubali kwamba usugu ni tatizo kubwa, ila wengi huliona kubwa zaidi nchini kwao kuliko katika hospitali wanayojifunzia. Kinachopungua ni kujiamini. Katika utafiti wa vyuo 3 vya Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2017, ni theluthi moja tu ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliojiona tayari kuandika antibayotiki. Waliojiamini zaidi walikuwa wale waliozoea kutumia mwongozo wa tiba na kukutana mara kwa mara na mabingwa wa magonjwa ya kuambukiza.

Ndivyo ilivyo, maana kuandika dawa hujifunzwa wodini kuliko darasani. Mgonjwa ana homa, daktari wa zamu anaagiza antibayotiki ya seftriaksoni, mwanafunzi anaijaza kwenye faili. Dozi ya kwanza ikitangulia kabla damu ya kuotesha vimelea haijachukuliwa, mara nyingi maabara haioteshi kitu, na sindano zinaendelea kwa kuwa hakuna jibu la kuzisimamisha. Darasani mwanafunzi huyohuyo alifundishwa kwamba katika mgawanyo wa WHO wa mwaka 2017, seftriaksoni imo katika kundi la dawa za uangalizi, yaani za kutumiwa kwa tahadhari. Kumhoji mkubwa wake mbele ya raundi nzima, hilo hakufundishwa.

Dodoso lina upungufu wake: mtu hujibu lililo sahihi, kisha akaandika dawa kama alivyozoea. Hata hivyo limefichua jambo ambalo mitihani huliruka. Wanafunzi wakiulizwa chanzo cha usugu, hutaja upesi dawa zinazonunuliwa bila cheti na wagonjwa wasiomaliza dozi. Lakini baadhi yao hawaoni kama unawaji mikono wa wahudumu unahusika, ingawa mikono hiyo ndiyo hubeba bakteria sugu kitanda hadi kitanda.