Kutoka Bura Hadi Wodi za Majuu: Rada Kamili ya Kazi za Hospitali Zenye Viza ya Mwajiri

Kila group ya WhatsApp pale Garissa imeshapata ile meseji. Hospitali za UK zinasaka manasi, viza iko, mtihani wa Kiingereza hakuna, tuma elfu hamsini ushikiliwe nafasi. Inaingia usiku, imeforwadiwa mara nyingi, na picha ya bendera iko juu. Wewe umemaliza KMTC Garissa, umerudi Bura, unangoja kaunti itangaze kazi tangu mwaka juzi. Kufika asubuhi familia imeitwa kikao. Mbuyu anahesabu ngamia, mathee anauliza kama ayuuto yake inaweza kutoka mapema.

Kabla ngamia auzwe, tulia kidogo usome hii.

Kazi zenyewe zipo, na kuna Wakenya wanaozifanya saa hii. Lakini mlango wake si ule unaotumwa usiku. Shika kitu kimoja: kwa sponsa halali, gharama ya kukuajiri ni ya mwajiri. Wewe unalipia mitihani na makaratasi yako, na unalipa ofisi inayoyatoa moja kwa moja. Hakuna ada ya "kushikilia nafasi". Mtu akikuitisha hiyo, hapo hakuna kazi.

Sponsa ni nini hasa?

Watu wa North Eastern wameshaona sponsa kwa macho yao, ila upande wa pili. Juni 2018 Kenya ilileta madaktari 100 kutoka Cuba, wakagawanywa kwa kaunti. Serikali ya kitaifa ilibeba mishahara, kaunti zikatoa makao na ulinzi. Hakuna daktari aliyeambiwa atume doh kwa simu ili apate wodi. Aliyewataka ndiye aliyegharamika.

Mpango wenyewe uliingia matatizo. Aprili 12, 2019, madaktari wawili wa Cuba, Assel Herrera na Landy Rodríguez, walitekwa Mandera wakienda kazini, na polisi mmoja aliyekuwa akiwalinda akauawa. Wenzao wa kaunti hizi za mpakani wakaondolewa. Oktoba 2023 serikali ikatangaza kwamba mkataba na Cuba hautaendelea.

Sasa geuza hiyo picha. Hospitali ya Uingereza ikikutaka, yenyewe ndiyo inafaa kuwa na leseni ya serikali yao ya kuleta wafanyakazi. Inakupatia kile kinachofupishwa CoS, yaani cheti cha udhamini. Usidanganywe na jina: CoS ni rekodi ya kielektroniki yenye namba, si karatasi ya muhuri wa dhahabu ya kuning'iniza sebuleni. Ukishapewa namba hiyo, una miezi 3 kuomba viza.

Orodha ya waajiri wote wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, gov.uk. Ni bure. Tafuta jina na mji. Ikikosekana hapo, story imeisha.

Nani anatakikana, nani amefungiwa

Hapa ndipo wengi wanachomeka, kwa sababu matangazo yanachanganya kazi tofauti na kuziita zote "kazi za hospitali".

*Manasi waliosajiliwa.* Mlango uko wazi, lakini una masharti. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa wahudumu wa afya, ukilenga hasa wauguzi waliohitimu lakini hawana kazi nyumbani. Kundi la kwanza liliondoka Juni 2022. Kwa kanuni za Uingereza za kuajiri kwa haki, Kenya iko kwenye orodha ya rangi ya kaharabu, ikimaanisha waajiri wa huko wanafaa kufuata mkataba huo. Hawafai kuja kuokota watu kiholela.

*Wahudumu wa kulea wazee, wale tunaita caregiver.* Hii imefungwa. Machi 11, 2024 walizuiwa kwenda na familia. Halafu Julai 22, 2025 Uingereza ikaacha kabisa kutoa viza mpya za kazi hiyo kwa watu walio nje ya nchi. Ukiuziwa leo kozi ya wiki sita na kuahidiwa viza ya caregiver UK, umeuziwa hewa. Na hata wakati mlango ulikuwa wazi haikuwa rahisi: kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 serikali ya huko ilifuta leseni zaidi ya 470 za waajiri wa sekta hiyo. Watu walifika, wakapata kampuni haina kazi, na viza yao imefungwa kwa kampuni hiyo hiyo.

*Ma-CO.* Hii inauma, lakini ukweli ni huu: kada ya clinical officer, ambayo hapa kwetu ndiyo inabeba zahanati na hospitali ndogo, haina sajili inayolingana nayo moja kwa moja Uingereza. CO akiahidiwa "nafasi yako ile ile" huko, aulize ni baraza gani litamsajili. Jibu likizungukazunguka, toka.

*Madaktari.* Wao hupitia baraza la GMC na mtihani wa PLAB, sehemu mbili. Ya pili hufanyiwa Manchester.

Safari ya nasi, hatua kwa hatua

1. *Leseni ya nyumbani.* Jina lako liwe kwa sajili ya Nursing Council of Kenya na leseni iwe hai. Baraza la Uingereza, NMC, litataka uthibitisho kutoka kwa baraza letu.

2. *Kiingereza.* Ile ahadi ya "hakuna IELTS" ndiyo uongo mtamu zaidi. NMC inataka IELTS Academic 7 kwa kusoma, kusikiliza na kuongea, na 6.5 kwa kuandika. Unaweza kufanya OET badala yake, ambayo maswali yake ni ya mambo ya hospitali. Usiichukulie poa. Mwaka 2021 aliyekuwa Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alisema kati ya wauguzi 300 waliofanya mtihani wa lugha, 10 tu ndio walipita. Hao wote walisomea uuguzi kwa Kiingereza. Kinachoangusha watu ni mtindo wa mtihani na saa, kwa hivyo jipe miezi ya mazoezi.

3. *Mtihani wa kompyuta, CBT.* Ada ni pauni 83. Sehemu ya kwanza ni hesabu za dawa, ya pili ni kazi ya uuguzi. Unafanyiwa kwa kituo rasmi hapa Kenya, na unalipia kwa mfumo wenyewe wa mtihani. Usitume pesa kwa namba ya simu ya mtu.

4. *Intavyu na CoS.* Hospitali inakuhoji kwa video. Ukipita unapata barua ya kazi, kisha CoS. Nasi anayeanza England chini ya NHS huingia daraja la Band 5, ambalo mwaka wa 2025/26 lilianzia pauni 31,049 kwa mwaka. Kabla ujigeuzie hiyo kwa shilingi na kuanza kupanga ploti, kumbuka ushuru, nyumba, umeme wa baridi na nauli vinatolewa hapo hapo.

5. *Makaratasi ya viza.* Cheti cha tabia njema kutoka DCI, unaomba kwa eCitizen kwa shilingi 1,050. Kipimo cha kifua kikuu kwa kliniki inayokubaliwa, ambayo Nairobi ni ile ya IOM. Viza ya wahudumu wa afya ya hadi miaka 3 iliwekwa pauni 304 mwaka 2025, na wenye viza hiyo hawalipi ile ada kubwa ya matibabu inayotozwa wahamiaji wengine.

6. *OSCE, ukiwa huko.* Ukifika bado hujawa nasi kamili kwa macho yao. Kuna mtihani wa vitendo wenye vituo 10: unapima mgonjwa, unapanga huduma, unatoa dawa, unafufua mtu aliyezimia. Hospitali nyingi hukufundisha na hulipia jaribio la kwanza. Uliza hilo kwa intavyu, na utake lije kwa maandishi.

Pia soma kifungu cha kurudisha pesa. Hospitali nyingi huandika kwamba ukiacha kazi mapema utarudisha sehemu ya gharama yao. Hiyo inaruhusiwa, mradi kiasi kionyeshwe wazi na kipungue kadri unavyokaa. Kiasi kikiwa fumbo, usisaini.

Kabla ya yote: kitambulisho

Hii sehemu huwezi kuipata kwa video za TikTok za watu wa Nairobi. Mtoto wa Fafi anaweza kufaulu IELTS na bado akose pasipoti kwa sababu hana ID.

Kambi za Dadaab zilianza 1991, na Hagadera iko hapa hapa Fafi. Miaka ya ukame, familia nyingi za Wakenya ziliandikisha watoto kama wakimbizi ili wapate chakula, shule na matibabu. Mtoto akifika miaka 18 alama zake za vidole zinatokea kwa mfumo wa wakimbizi, na ID inakataliwa. Makumi ya maelfu ya vijana wa kaunti hizi wamepitia hiyo.

Kama hiyo ni story yako, anza hapo leo, kabla ya kulipia mtihani wowote. Haki na Sheria, shirika lenye makao Garissa, limesaidia watu kwa kesi kama hizi. Ule msasa wa ziada wa kupigwa na kamati za wazee, Rais Ruto alitangaza kuuondoa Februari 2025 akiwa Wajir. Usikubali mtu akuuzie "njia ya mkato" ya kitambulisho. Karatasi feki ikigunduliwa kwa ubalozi, utaandikwa mdanganyifu na hata viza za baadaye zitakuwa ngumu.

Nchi zingine kwa ufupi

*Saudi Arabia na Ghuba.* Vyeti vinahakikiwa na DataFlow, kisha mtihani wa Prometric. Mara nyingi wanataka uwe umefanya kazi miaka kadhaa. Aliyekaa dugsi na kushika Kiarabu kidogo ana faida ya kuongea na mgonjwa, lakini hakikisha mkataba umesema nasi wa hospitali. Kazi ya nyumbani iliyovalishwa jina la nasi pia ipo.

*Ujerumani.* Septemba 13, 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji huko Berlin. Kwa nasi mlango ni lugha: Kijerumani cha kiwango cha B2 ndicho kawaida cha kutambuliwa kikamilifu. Hiyo ni mwaka au zaidi wa kusoma.

*Marekani.* Mtihani ni NCLEX-RN, kisha foleni ya green card. Foleni inaweza kula miaka.

Kaa rada: dalili za mkora

- Anaitisha pesa ya kazi yenyewe, au ya CoS. Kanuni za Uingereza haziruhusu mtafuta kazi atozwe ada ya kuajiriwa.
- Ajenti hayuko kwa orodha ya National Employment Authority. Kwa kazi za UK, angalia pia orodha ya maajenti waadilifu ya NHS Employers.
- Barua pepe ya "hospitali" inatoka Gmail.
- Hakuna intavyu, au ni ya kuchati tu.
- Anataka abaki na pasipoti yako "kwa usalama".
- Anasema mkataba utasaini ukifika. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje uthibitishwe na afisa wa leba kabla hujaondoka. Peleka wako.

Na usifikirie kwamba jina kubwa linatosha. Agosti 2023 wazazi walijaa barabara za Eldoret wakidai pesa walizolipa kwa mpango wa kaunti ya Uasin Gishu wa kupeleka watoto Finland na Canada. Wengine walikuwa wameuza mashamba. Risiti walikuwa nazo. Kile hawakupata kuona ni pesa ikiingia kwa chuo kwa jina la mtoto wao. Ndiyo maana kila malipo yako yaende kwa ofisi yenyewe, na risiti iwe na jina lako.

Na Bura je?

Kuna swali ambalo wazee huuliza kwa baraza, na halina jibu la haraka: nyinyi mkienda, nani atashika wodi? Mama akishikwa na uchungu usiku Bura na mambo yaharibike, anakimbizwa Garissa mjini. Tangu mashambulizi ya miaka ya 2014 na 2015, wahudumu wengi wa afya kutoka kaunti zingine wamehepa kufanya kazi huku. Anayebaki ni mtoto wa nyumbani, anayejua Kisomali na hahitaji askari wa kumlinda. Ndiye pia ambaye kaunti imemwacha bila kazi.

Hakuna wa kukulaumu ukienda. Mkataba wa 2021 umeandikiwa mtu kama wewe: amesoma, hana kazi. Lakini ukiwa bado unangoja, fanya kitu. Omba kujitolea kwa hospitali iliyo karibu na uandikiwe barua, kwa sababu nasi aliyekaa miaka miwili bila kushika mgonjwa huulizwa maswali magumu kwa intavyu. Kama kuna mkataba wa muda na shirika linalohudumia kambi, chukua. Bura inapata mikono, wewe unapata uzoefu.

Ile meseji itarudi tena usiku wa leo. Ikirudi, fungua gov.uk, andika jina la hospitali, uone kama lipo. Inachukua dakika mbili. Ngamia akae malishoni kwanza.