Kabla Utoe Bampa za DX, Jua Ziliwekwa Kwa Nini

Wasee, wiki iliyopita niliweka picha ya DX ya guka ikiwa haina bampa, mbele wala nyuma. Komenti zikagawanyika mara moja. Nusu walisema gari imekuwa moto. Nusu walisema nimeharibu urithi. Leo wacha nijibu, lakini nijibu na historia.

Kwanza jina. DX si modeli. Gari yenyewe ni Toyota Corolla ya kizazi cha nne, iliyotoka Japani mwaka wa 1979. DX ilikuwa daraja tu, yaani ile ya kifahari kidogo kuliko ya kawaida. Sisi Kenya tukasoma beji ya nyuma, daraja likawa jina. Ya guka ina injini ya 4K, cc 1,290. Ni gari ya familia kabisa: watoto nyuma, gunia la viazi kwenye buti. Lakini hicho ndicho kizazi cha mwisho cha Corolla ambacho zote zilisukumwa na magurudumu ya nyuma. Kizazi kilichofuata, mwaka wa 1983, nyingi zikahamia mbele. Ndiyo maana vijana wanaopenda kuteleza kwenye kona wanaitafuta hadi leo.

Sasa bampa. Miaka hiyo ilikuwa chuma chenye kromu, kimefungwa kwa bolti. Marekani waliweka sheria kwa gari za modeli ya 1973: bampa ya mbele igonge ukuta kwa maili 5 kwa saa, kama kilomita 8, na taa na vifaa vya usalama visiharibike. Soma hapo tena. Kilomita 8. Hiyo ni mwendo wa kuegesha. Kazi yake ilikuwa kulinda taa na bodi kwenye yale makosa madogo ya kila siku.

Wengi wetu tunatoa bampa kwa sababu tumeona gari za mashindano za Japani kwenye simu. Hakuna ubaya. Lakini sisi tuna historia yetu. Safari Rally ilianza 1953. Joginder Singh alishinda na Mitsubishi Lancer 1974, akarudia 1976. Shekhar Mehta akashinda mara nne mfululizo na Datsun, 1979 hadi 1982. Hizo Lancer na Datsun zilizaliwa zikiwa gari ndogo za familia, kama DX. Angalia picha za Safari za miaka hiyo. Mbele utaona mabomba ya chuma na taa kubwa, kwa sababu barabara ilikuwa na matope, mawe na wanyama. Mafundi wa Safari walibadilisha mbele ya gari kulingana na barabara. Walikuwa na sababu.

Mimi sikuwa na sababu. Nilikuwa na spana, beshte mmoja na Jumapili bila kazi. Tuliitoa hapa Karen, nyumbani kwa shangazi, mahali Prado zimejaa hadi askari wa geti akaniuliza kama nimepata ajali. Bampa ya mbele niliiweka chini ya kitanda. Ya nyuma nilimuuzia mtu wa vyuma chakavu. Pesa iliisha kwa mafuta siku hiyo hiyo, hata kufika Dagoretti Corner na kurudi ilikuwa shida.

Wiki mbili baadaye nilirudi nyuma polepole nikagusa nguzo ya geti. Mwendo wa kutambaa tu. Bampa ingechukua mkwaruzo. Badala yake bodi yenyewe iliingia ndani na taa moja ikapasuka. Nilienda Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaita Grogan, nikazunguka nusu siku. Taa nilipata. Bampa ya nyuma, wapi. Na hatuwezi kutegemea meli, kwa sababu sheria yetu inakataa gari za mtumba zilizopita miaka minane. DX zilizobaki hapa ndizo hizo hizo tu.

Guka alipokuja aliizunguka gari mara moja. Hakuuliza kuhusu bodi. Aliuliza, "Bampa ziko wapi?" Nikamwambia moja ipo. Akanyamaza. Alinunua hiyo gari akiwa karani mjini, na nilipoacha chuo yeye peke yake katika familia hakunigombeza. Alinipa funguo akasema nijifunze kitu. Kunyamaza kwake kuliniuma kuliko kelele za baba.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Hapa Ngong Racecourse kuna Concours d'Elegance, mashindano ya gari safi na zilizotunzwa yaliyoanza 1970, na kuna watu watakuambia gari ya zamani lazima ikae vile. Mimi sikubali. Gari ni yako, ibadilishe. Lakini badilisha kwa njia ambayo unaweza kurudisha. Toa bolti, usikate chuma. Weka bolti kwenye mfuko, andika zilitoka wapi. Na chochote unachotoa, usiuze.

Ya mbele nimeirudisha jana. Kama unajua mahali kuna bampa ya nyuma ya DX, hata kama imepinda, niandikie. Nitaifuata hata Kisii.