Kitabu cha Fotokopi Kilichofunza Madevelopa

Nilipoacha chuo, kibarua changu cha kwanza kilikuwa kurekebisha programu ya mtu. Mafaili mia na kitu, maelezo hakuna hata mstari mmoja. Aliyeiandika alishaenda zake. Wiki tatu nikatoa macho kwa skrini, nikajiona mjinga. Manze, kumbe shida haikuwa kichwa changu.

Turudi Australia, miaka ya 70. John Lions alikuwa anafundisha kompyuta Chuo Kikuu cha New South Wales. Wanafunzi wake walisoma Unix, toleo la sita, kutoka Bell Labs, Marekani. Ndani ya msimbo wake kulikuwa na dokezo linalomwambia msomaji kwamba hatarajiwi kuelewa sehemu hiyo. Aki!

Lions alifanya nini? Alichapisha msimbo wa kiini cha Unix, mistari isiyofika 10,000, kila mstari na nambari yake. Halafu, kufikia 1977, akaandika kitabu cha pili cha kukushika mkono: anzia hapa, hii inaita ile, hapa chunga.

Mwaka 1979 toleo la saba likatoka, na leseni ya AT&T ikakataza msimbo huo kufundishwa darasani. Watu wakafanyaje? Fotokopi. Fotokopi ya fotokopi, mkono kwa mkono, hadi kitabu kikachapishwa rasmi 1996. Mtu hahangaiki kunakili kitabu kizima kama hakimsaidii.

Leseni hiyo hiyo ilimsukuma Andrew Tanenbaum, mwalimu kule Uholanzi, kuandika Minix, mfumo wa kufundishia, akautoa 1987 pamoja na kitabu chake. Linus Torvalds akajifunzia hapo, na 1991 akatoa Linux. Kiini chake ndicho kiko ndani ya simu za Android.

Lakini tusidanganyane. Msimbo wa Lions ulikuwa mdogo, na wanafunzi walikuwa na mwalimu wa kuuliza. Linux ya leo ina mamilioni ya mistari. Nani ataeleza yote? Na maelezo ya zamani yasiyolingana na msimbo yanakupoteza kuliko kukosa kabisa.

Kwa hivyo usieleze kila kitu. Mwambie mgeni aanzie wapi, na kwa nini mliamua hivi na si vile. Ukurasa mmoja tu ungeniokolea siku nyingi sana. Siku hizi kila kazi naiacha na ukurasa huo. Na we je, anayekuja baada yako unamwachia nini?