Tulishangilia namba, kumbe watu wamepotea

Najua nimepotea. Mazoezi ya kufundisha yalinibana, nilipotoka huko mitihani ikanipokea. Leo nimerudi na stori ya kuhesabu, ila msikimbie, hakuna fomula.

Muhula uliopita mimi na wenzangu wanne tulitengeneza tovuti ndogo ya msaada kwa mwaka wa kwanza: jinsi ya kujisajili kozi, jinsi ya kuomba chumba, umuone nani ukipoteza kitambulisho. Wiki ya pili tukafungua takwimu. Ukurasa wa kujisajili ulikuwa umefunguliwa mara 900 na ushee! Tukapongezana, tukanunua na soda. Kesho yake dada mmoja akatuambia: "Kaka, mimi peke yangu nimeufungua mara kumi na mbili, na mpaka sasa sijajisajili." Jamani, soda ilinitoka puani.

Nikaanza kuchimba: huu utaratibu wa kuhesabu wageni ulitoka wapi?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wavuti ilipokuwa changa, mhesabuji alikuwa seva yenyewe. Kila ilipoombwa faili iliandika mstari kwenye daftari lake: anwani ya mwombaji, saa, jina la faili. Mwaka 1995 Stephen Turner, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, akatoa Analog, programu ya bure ya kusoma madaftari hayo. Lakini daftari lilikuwa na upofu wake. Ukurasa wenye picha kumi ulihesabiwa maombi kumi na moja, na mwenye tovuti akatamba ana umati. Upande wa pili, watu ishirini wanaopitia lango moja la intaneti walionekana kama mtu mmoja.

Dawa ilitoka kampuni ya Netscape, Marekani. Mwaka 1994 Lou Montulli alibuni kuki, kijikaratasi ambacho tovuti inakiacha kwenye kivinjari chako ili ukirudi ikutambue. Mei 1995 Brendan Eich akaandika toleo la kwanza la JavaScript kwa siku 10 tu (sisi siku kumi hatumalizi hata insha ya kundi). Sasa ukurasa uliweza kufanya kazi ukiwa tayari kwenye kompyuta ya msomaji, na kutoa taarifa. Ujanja wenyewe ni mdogo: skripti inaomba seva picha ya pikseli moja, isiyoonekana, na ndani ya anwani ya picha hiyo inabandika habari zako. Ukurasa gani, umetokea wapi, kioo chako kina ukubwa gani.

Kampuni moja ya San Diego iliyoitwa Urchin ilifanya biashara ya kazi hiyo. Google wakainunua mwaka 2005, na Novemba mwaka huohuo wakaitoa bure kwa jina la Google Analytics. Watu walifurika mpaka ikabidi wafunge mlango wa kujiandikisha kwa muda. Mkiona viungo vyenye herufi "utm", hiyo "u" ni ya Urchin. Kampuni imekwenda, jina limebaki.

Halafu kurasa zenyewe zikabadilika. Mtu anacheza video, anafungua ramani, anajaza fomu, yote bila kuhama ukurasa. Kuhesabu kurasa hakukutosha tena, ikabidi kuhesabu matukio: kubonyeza, kutafuta, kupakua. Toleo la Google lililotoka Oktoba 2020 linachukua kila kitu kuwa tukio, hata kufungua ukurasa. Lile la zamani liliacha kupokea takwimu kwenye tovuti za kawaida kuanzia Julai 1, 2023.

Turudi chuoni. Na sisi tukaweka tukio letu, mistari michache tu ya JavaScript: chini ya kila ukurasa swali "Umesaidika?" na vitufe viwili. Kujisajili kozi: "Hapana" nyingi kupita kiasi. Tukakaa chini, tukauandika upya kwa hatua sita badala ya aya ndefu. Ufunguaji ukashuka, "Ndiyo" zikapanda. Namba iliyoshuka ndiyo iliyokuwa habari njema!

Ila tulifanya na kosa. Tuliweka tukio kwenye kisanduku cha kutafuta, likanasa kila neno. Siku moja nikakuta mtu ameandika namba yake ya usajili na shida yake ya ada, yote. Hakujua tunasoma. Nilijisikia kama mtu aliyefungua barua isiyo yake. Tukafuta, tukabakiza idadi tu. Ulaya wana sheria kali ya mambo haya tangu Mei 25, 2018, Kenya walipitisha yao 2019, na sisi Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kazi Mei 1, 2023. Lakini mimi sikufundishwa na sheria. Nilifundishwa na ile aibu.

Sisi walimu watarajiwa tunaijua hii. Rejista inasema wanafunzi 60 wamehudhuria, haisemi wangapi wameelewa. Ukitaka kujua, lazima uulize. Na ukishaulizia, heshimu aliyekujibu.

Haya, foleni ya ugali inarefuka. Tutaonana Ijumaa.